Mashini Iliyojizima Yenyewe: Kosa Lilikuwa la Nani?

Bandugu, mwaka wa 2012, wakati wa likizo kubwa, nilikuwa nasaidia kwenye sekretaria publiki moja huku kwetu Bukavu, upande wa Kadutu. Nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Kazi yangu ilikuwa kupanga karatasi, kufotokopia, na kwenda kutafuta mafuta ya jenereta umeme ukikatika. Kulikuwa na mashini mbili. Ile ya karibu na dirisha ilitoka Ulaya, ya okazyo, na ilikuwa na tabia mbaya: ilikuwa inajizima. Haikuonya. Skrini inakuwa nyeusi kama mtu amechomoa waya. Siku ingine inafanya dakika kumi, siku ingine inamaliza mchana mzima bila neno.

Patro alisema ni umeme. Akanunua stabilizateri. Mashini ikajizima tena. Akasema ni virusi, wakafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Ikajizima vilevile. Akabadilisha prizi. Mwishoni kulibakia kitu kimoja tu ambacho hakijabadilishwa, nacho ni kijana aliyekuwa anapiga maandishi.

Siku hiyo alikuwa anaandika TFC ya finalisti mmoja, karibu kurasa arobaini, na hakuwa amehifadhi tangu asubuhi. Mashini ikazima. Finalisti akapiga kelele mpaka batu wa barabarani wakaingia. Patro akamwambia kijana: «Weye njo unaiharibisha hii mashini.» Yeye akajibu: «Patro, inazimaka yeyewe, miye sigusi kitu.» Hapo mimi, mtoto wa kufotokopia, nikatoa ushahidi ambao hakuna aliyeniomba: nikasema nimemuona usiku akiangalia filme kwenye ile mashini. Ilikuwa kweli. Alikatwa dolari 15 kwenye mshahara wake, na mwezi uliofuata hakurudi.

Miaka minne baadaye, nikiwa fakulte ya agronomia, patro alinipa ile mashini bure kwa sababu ilikuwa haiwaki tena. Nikaipeleka kwa fundi wa redio. Alifungua boksi, akapuliza vumbi, akaniita niangalie. Kwenye ubao mkuu, pembeni ya prosesa, kulikuwa na vipipa vidogo vya aluminiyumu kumi na viwili vimesimama kwa mistari. Saba vilikuwa vimevimba kichwani sawa maharagwe yaliyolowekwa, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vimetoa ute wa rangi ya kahawia. Ubao uliandikwa mwaka wa 2004. Fundi akasema tu: «Kondensateri zimekufa. Za miaka ile zote ziko hivi.»

Hilo neno, «za miaka ile», njo lililonifanya nitafute historia yake.

Kondensateri, ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaita kapasita, inafanya kazi ya pipa la maji nyumbani. Sisi wa Bukavu tunaelewa bila kuchorewa: bomba linatoa linavyotaka, lakini mama anachota kwenye pipa, na mtiririko wake ni uleule. Ndani ya kompyuta za wakati ule, umeme wa volti 12 ulikuwa unashushwa mpaka karibu volti 1.5 kwa ajili ya prosesa, na unakuja kwa vipande, mara laki kadhaa kwa sekunde moja. Kondensateri zinavipokea vile vipande na kuvifanya kuwa mtiririko mmoja. Zikizeeka, prosesa inaanza kupata umeme wa mawimbi, na wimbi likishuka mno mashini inasimama. Ndiyo maana ilikuwa haina saa maalum. Ilitegemea joto la ndani na uzito wa kazi ya dakika ile. Hata asubuhi za baridi ilipokataa kuwaka, halafu ikakubali baada ya kujaribiwa mara tatu, ilikuwa ni uleule ugonjwa: kimiminika kilichochoka kinapitisha umeme vibaya zaidi kikiwa baridi.

Ndani ya kile kipipa kuna karatasi mbili nyembamba za aluminiyumu, katikati yake karatasi ya kawaida iliyoloweshwa kimiminika, vyote vimeviringishwa pamoja. Moja ya zile aluminiyumu imefunikwa na ngozi nyembamba sana ya oksidi, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia umeme usipite. Aliyelitumia jambo hili kwa kondensateri ni Mpolandi Karol Pollak, mwishoni mwa karne ya 19, akitumia maji ya boraksi. (Ndiyo, boraksi ileile tunayoijua sisi, ya kutibu ukosefu wa boroni shambani.)

Kwa karibu miaka mia moja, shida haikuwa kubwa. Lakini katika miaka ya 1990 prosesa zilianza kwenda mbio, zikahitaji kondensateri zenye ukinzani mdogo sana. Viwanda vya Japani vikapata njia: kuongeza maji kwenye kimiminika. Maji ni rahisi na yanakisaidia kimiminika kupitisha umeme vizuri. Ubaya wake ni kwamba yanaila aluminiyumu, na wakati wa kuila yanatoa gesi ya haidrojeni. Kwa hiyo ni lazima kuchanganya dawa za kuizuia, hasa za jamii ya fosfati, ambazo zinashikamana na aluminiyumu na kuikinga.

Hapa mimi kama agronomu lazima nisimame kidogo. Kwenye udongo wetu wenye uchachu, tunalia kila msimu kwamba aluminiyumu inaikamata fosfati na maharagwe yanakosa chakula. Ule mshikamano tunaoulaani shambani njo uleule unaoilinda kondensateri. Nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu.

Mwaka wa 2002 taarifa zikaanza kuenea kwamba mashini zenye umri wa mwaka mmoja au miwili zinajizima, na ndani yake kondensateri zimepasuka. Nyingi zilitoka Taiwan. Gazeti moja la wafanyabiashara wa vipuri vya elektroniki likaandika hadithi ambayo imezunguka dunia mpaka leo: mtaalamu mmoja aliacha kampuni ya Japani akaenda kufanya kazi China na kutengeneza huko kimiminika cha aina ileile; halafu watu waliokuwa chini yake wakaikimbiza fomula Taiwan, lakini walikuwa wameinakili nusu, bila zile dawa za kuzuia. Ni hadithi tamu, lakini haijawahi kuthibitishwa mahakamani. Kilichothibitika ni cha ndani ya kipipa. Mwaka wa 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walipima kondensateri zilizokufa. Wakakuta gesi ya haidrojeni, wakakuta kimiminika chenye pH ya kati ya 7 na 8 wakati kile kizuri kilikuwa na uchachu wa karibu 4, na dawa za kawaida za kuzuia hazikuwemo. Kati ya watengenezaji wa ubao mkuu, Abit ya Taiwan ilikuwa miongoni mwa wachache waliokubali hadharani kwamba wana shida.

Huku kwetu mtu akisikia hivyo anamaliza mjadala haraka: «Si unaona, vitu vya Chine.» Mimi sikubali. Mkasa mkubwa kuliko yote katika historia hii uligusa kondensateri za Nichicon, ambayo ni kampuni ya Japani yenye jina zuri. Zilikuwa ndani ya kompyuta za ofisi za Dell, za Marekani, aina ya OptiPlex GX270 na GX280. Mwaka wa 2005 Dell ilitenga dolari milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha uharibifu huo. Apple nayo ilibidi itengeneze bure iMac G5 zilizokuwa na kasoro ya namna hiyo. Kwa hiyo hakukuwa na taifa la kunyooshea kidole.

Lakini kilichonigusa mimi kilitoka baadaye. Kampuni moja ya intaneti ya North Carolina iliishtaki Dell mwaka wa 2007, na mwaka wa 2010 karatasi za kesi zikafunguliwa, gazeti la New York Times likaziandika. Zilisema kwamba kati ya Mei 2003 na Julai 2005 Dell ilisafirisha kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa hatarini kwa sababu ya vipuri vibovu, na kwamba wafanyakazi walielekezwa wakwepe kumwambia mteja waziwazi kwamba ubao ni mbovu. Idara ya hesabu ya Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, ilipolalamika kwamba mashini zinakufa, ilijibiwa kwamba imezichosha kwa kuzipa hesabu ngumu mno.

Rudia kusoma hiyo sentensi. Maprofesa wa hesabu wameambiwa kompyuta zimekufa kwa sababu ya kukokotoa hesabu. Kama watu wa kiwango kile waliweza kugeuziwa kosa, kijana wa Kadutu angejitetea na nini?

Ile mashini yetu haikuwa ya kampuni niliyoitaja. Lakini ilikuwa ya miaka ileile. Ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta baada ya miaka michache, na za zamani zinauzwa tena, zinapakiwa kwenye makontena, zinashuka Mombasa au Dar es Salaam na kupanda kwa barabara mpaka kwetu. Zikifika zina vumbi na hazina historia. Juu ya hapo joto: kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, maisha ya kondensateri yanapungua karibu nusu. Ile yetu ilikaa kwenye jua la dirishani, feni imezibwa na vumbi la barabara. Ilikuwa inapikwa.

Fundi alizitoa zote kumi na mbili, hata zile zilizokuwa bado nzima machoni, akaweka mpya za volti na ujazo uleule, zilizoandikwa nyuzi 105. Alinionyesha mstari wa upande wa hasi, maana ukigeuza, inapasuka mbele ya uso wako. Na boksi la umeme alinikataza kulifungua mwenyewe: linabakiza chaji hata ukichomoa waya. Vyote vilinigharimu chini ya dolari 10. Mashini ile njo niliyoandikia memware yangu ya lisansi, na haikujizima hata mara moja.

Mwaka jana nilipata namba ya yule kaka. Yuko Uvira, anauza simu. Nilimwandikia ujumbe mrefu, nikamtumia na picha ya zile saba zilizovimba, nikamwambia na neno langu la siku ile kuhusu filme, maana hakuwahi kujua ni nani aliyesema. Alikaa siku mbili bila kujibu. Halafu akapiga. Alisema ile filme alikuwa hata hajaimaliza, mashini ilizima katikati. Kiisha akaniuliza zile dolari 15 sasa anamdai nani, mimi ao patro.

Nilimtumia kwa simu jioni ileile.