Kurudisha rangi ya dashibodi na paneli za gari

Jua la Pwani hupausha dashibodi na paneli za milango. Rangi ya kupuliza ya plastiki huzirudishia sura, lakini ikipulizwa juu ya mafuta ya polishi hubambuka. Kwa hivyo ng'oa paneli, ioshe kwa sabuni, ipanguse kwa spiriti na uiache ikauke kabisa. Tikisa kopo vizuri, kisha pulizia matabaka membamba matatu, kila moja likauke kabla ya jingine. Fanyia kazi mahali pa wazi penye kivuli, mbali na moto, ukiwa umevaa barakoa. Usipulize usukani wala pedali, zitateleza. Sehemu yenye mkoba wa hewa mwachie fundi. Na paneli iliyopasuka haiponi kwa rangi, ibadilishe.