Kuhesabu Kabla ya Kujenga: Habari za Shule za Mji wa London

Tuonapo nyumba ya shule imesimama, kuta zake imara na kengele yake inalia, ni rahisi kudhani kwamba kuianzisha kulikuwa kazi ya mafundi tu. Sisi tulio waalimu twajua kwamba kazi iliyo ngumu zaidi hufanywa kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Ni nani watakaosoma humo? Wanakaa wapi? Kiwanja kitatoka kwa nani, na gharama atalipa nani? Leo twataka kueleza jinsi mji wa London ulivyojibu maswali hayo, zaidi ya miaka 150 iliyopita. Katika majibu yake mna mafundisho mema, na mna makosa pia.

Mwaka wa 1870 London ulikuwa na watu zaidi ya milioni 3. Bandari, viwanda na gari la moshi vilikuwa vimewavuta watu kutoka mashamba, nao walisongamana katikati ya mji, pengine jamaa nzima katika chumba kimoja. Shule zilikuwapo, lakini nyingi zilikuwa za makanisa na za vyama vya hisani. Serikali ilikuwa ikivisaidia vyama hivyo tangu 1833, ilipotoa pauni 20,000 kwa mara ya kwanza. Lakini chama hujenga pale kipatapo wafadhili, na wafadhili hawakai katika vichochoro vya maskini. Basi mara nyingi mtaa uliojaa watoto ndio uliokosa shule.

Katika mwaka huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoletwa na Bwana William Edward Forster. Sheria hiyo iliagiza kwamba mahali pasipo na nafasi za kutosha pachaguliwe Halmashauri ya Shule, yenye uwezo wa kujenga na kupata fedha kwa kodi. Halmashauri ya London ilichaguliwa Novemba 1870, nayo ilikuwa na wajumbe 49. Wanawake pia waliruhusiwa kuchaguliwa, jambo lililokuwa geni siku zile, na wawili wakashinda: Elizabeth Garrett, aliyekuwa daktari, na Emily Davies. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Lord Lawrence, aliyepata kuwa mtawala wa Bara Hindi.

Wajumbe hao hawakuanza kwa kuchora nyumba. Walianza kwa kuhesabu. Waliuliza ni watoto wangapi katika kila sehemu ya mji, ni nafasi ngapi zilizopo katika shule zinazofaa, na pengo ni kubwa kiasi gani. Ilionekana kwamba watoto wapatao 100,000 hawakuwa na mahali pa kukaa wakafundishwa. Baadaye Halmashauri iliajiri wazuru, watu waliopita nyumba kwa nyumba wakiandika katika vitabu vyao majina ya watoto, umri wao na kazi za wazazi. Vitabu hivyo vilikuwa na habari nyingi hata Bwana Charles Booth, alipoanza mwaka 1886 kuchungua umaskini wa London, alijifunza mambo mengi kutoka kwa wazuru hao.

Hesabu ilipokwisha, likaja swali la kiwanja, na hapo ndipo shida ilipoanza. Katikati ya mji hapakuwa na ardhi tupu. Mtoto wa miaka mitano hawezi kutembea maili mbili kila asubuhi, kwa hiyo shule ilipasa kusimama papo hapo penye msongamano. Sheria iliipa Halmashauri njia ya kununua ardhi hata kama mwenyewe hataki kuuza, Bunge likikubali. Basi nyumba zilivunjwa. Mwenye nyumba alilipwa thamani ya mali yake, lakini mpangaji aliyelipa kodi ya nyumba juma kwa juma hakuwa na madai makubwa. Alifunga mizigo yake akatafuta chumba kingine. Tusilifiche jambo hili. Shule iliyojengwa kwa ajili ya maskini iliwaondoa kwanza baadhi ya maskini hao makwao.

Kwa kuwa viwanja vilikuwa vidogo, shule zilijengwa kwenda juu. Bwana E. R. Robson, aliyewekwa mwaka 1871 kuwa msanifu wa majengo ya Halmashauri, alisafiri nchi nyingine za Ulaya kutazama shule zao, kisha mwaka 1874 akatoa kitabu juu ya ujenzi wa shule. Alitaka madirisha makubwa marefu, na nuru iingie upande wa kushoto wa mtoto, ili kivuli cha mkono wake kisifunike anachoandika. Shule nyingi zilikuwa na orofa tatu: watoto wadogo chini, wasichana katikati, wavulana juu, na kila kundi lilikuwa na mlango wake. Mahali pengine kiwanja kilikuwa chembamba hata uwanja wa kuchezea ukawekwa juu ya paa, ukazungushiwa uzio. Kati ya nyumba ndogo zenye moshi, majengo hayo yalionekana toka mbali.

Tena kulikuwa na habari ya fedha. Forster alitumaini kwamba kodi haitapita peni 3 kwa kila pauni ya thamani ya nyumba. Ilipoanza karne ya 20, kodi ya shule katika London ilikuwa imepita shilingi moja, yaani zaidi ya mara nne, na wenye kulipa walinung'unika sana. Wazazi nao walikuwa na mzigo wao. Walilipa ada ya peni chache kila juma, na zaidi ya hayo walipoteza ujira mdogo ambao mtoto angeuleta nyumbani, au msaada wa binti aliyemlea mdogo wake. Mwaka 1880 kuhudhuria kulifanywa lazima nchini kote, lakini ada haikuondolewa katika shule nyingi mpaka 1891. Kwa miaka hiyo 11 mzazi aliamriwa kumpeleka mtoto, naye akadaiwa malipo vilevile. Twaona hilo lilikuwa kosa: walihesabu watoto vema, lakini hawakuhesabu sawasawa kilichomo mfukoni mwa baba zao.

Halmashauri iliondolewa mwaka 1904, na kazi yake ikashikwa na Baraza la London. Ilikuwa imejenga shule zaidi ya 400. Nyingi zimesimama hata leo. Baadhi ni shule bado, na nyingine zimegeuzwa kuwa nyumba za kukaa watu.

Liko fundisho moja la mwisho. Mji hausimami mahali pamoja. Katika ile sehemu ya kale ya London iitwayo City, walikaa watu karibu 128,000 mwaka 1851. Mwaka 1901 walibaki 27,000 hivi, maana maduka, mabenki na ofisi vilichukua mahali pa makao, na jamaa zikahamia nje. Atakayehesabu mara moja tu atajenga shule kubwa mahali ambapo watoto wanaondoka, na kuacha bila shule mahali wanakohamia.

Wahenga husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. London ulichelewa kuziba ufa wake, ukalazimika kujenga kuta nyingi kwa haraka, tena juu ya viwanja ghali vilivyokwisha kujaa watu. Mji unaokua leo waweza kufanya lililo rahisi zaidi: kuutenga uwanja wa shule ungali mtupu, kuwahesabu watoto kila mara, na kumwuliza mzazi maskini, kabla ya kuchora mlango, ni kitu gani kitakachomzuia mtoto wake asiingie.