Urani ya Shinkolobwe na mikataba ya silaha za nyuklia: mambo ambayo makanisa yetu yanapaswa kujua



Hapa Kindu tumezoea kuona magunia ya kasiterite na koltani yanayotoka Kalima, Punia na Kampene. Bei ya kilo tunaijua. Lakini mawe hayo yakishaondoka, ni mara chache tunauliza yanakwenda kutengeneza nini. Kuna jiwe moja la nchi yetu ambalo jibu lake linajulikana, nalo ni urani ya Shinkolobwe. Tunaeleza habari zake hapa ili ziwasaidie wanaofundisha vijana na wanaoandaa maombi ya amani.

Safari ya jiwe

Shinkolobwe iko karibu na Likasi, katika Haut-Katanga. Urani iligunduliwa huko mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaichimba. Wakati ule wazungu walitafuta hasa radiamu ya kutibu kansa, na urani yenyewe haikuwa na thamani kubwa. Lakini mawe ya Shinkolobwe hayakuwa na mfano. Mengine yalikuwa na oksidi ya urani kiasi cha asilimia 65, wakati mahali pengi duniani hata mawe yasiyofika asilimia 1 huchimbwa.

Mwezi wa Agosti 1939, Albert Einstein alitia sahihi barua kwa rais wa Marekani, Roosevelt. Barua hiyo ilionya kwamba bomu la nguvu isiyowahi kuonekana linaweza kutengenezwa, na ikataja Kongo ya Wabelgiji kuwa chimbuko kuu la urani. Mwaka 1940, mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alipeleka tani zipatazo 1,200 za mawe hayo New York. Mwezi wa Septemba 1942, jeshi la Marekani liliyanunua, pamoja na yale yaliyobaki Katanga. Mgodi ukafunguliwa tena. Mawe yalisafirishwa kwa treni mpaka Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, kisha kwa mashua mpaka Léopoldville, na kwa treni tena mpaka Matadi. Kazi yote ilikuwa ya siri. Waliochimba na kubeba hawakuambiwa ni ya nini, wala hatari ya mawe yale kwa miili yao.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani liliangushwa Hiroshima. Sehemu kubwa ya urani yake ilitoka Shinkolobwe. Siku tatu baadaye bomu la plutoni, madini yanayotengenezwa kutokana na urani, liliangushwa Nagasaki. Kufikia mwisho wa mwaka ule walikuwa wamekufa watu wapatao 140,000 Hiroshima na 74,000 Nagasaki.

Uchimbaji wa kampuni ulikoma wakati uhuru unakaribia. Miaka mingi baadaye wachimbaji wa mikono waliingia Shinkolobwe kutafuta kobalti. Mwezi wa Januari 2004 amri ya rais ilifunga mahali hapo, lakini watu hawakuacha kuchimba. Mwezi wa Julai mwaka huohuo udongo uliporomoka ukaua watu wasiopungua 8.

Mikataba mitatu ya kujua

Wa kwanza ni Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ulioanza kutumika mwaka 1970. Nchi zisizo na silaha hizo ziliahidi kutozitafuta. Zile tano zinazotambuliwa kuwa nazo, yaani Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China, ziliahidi kufanya mazungumzo ya kuziondoa. Mpaka leo hazijaziondoa.

Wa pili ni Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009. Huo unaifanya Afrika yote kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Tukumbuke kwamba Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita, kisha ikayavunja yenyewe. Basi wasemao kwamba jambo hilo haliwezekani, jibu lao liko barani mwetu.

Wa tatu ni Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia, uliopitishwa Umoja wa Mataifa mwaka 2017 na kuanza kutumika tarehe 22 Januari 2021. Kongo yetu iliuridhia mwezi wa Septemba 2022. Hakuna nchi hata moja yenye silaha hizo iliyojiunga.

Jambo lililosahauliwa

Mkataba huo wa tatu unazitaka nchi ziwasaidie watu walioumizwa na mabomu yaliyotumiwa au kujaribiwa. Hilo ni jema. Lakini mwanzo wa safari ya bomu ni shimo, na wachimbaji wa urani hawakutajwa humo. Baba aliyeokota mawe ya Shinkolobwe kwa mikono mitupu hana nafasi katika maneno hayo. Kongo imo ndani ya mkataba, kwa hiyo wajumbe wake wana haki ya kusimama na kulisema. Na sisi tuna haki ya kuwauliza wabunge wetu kama wamelisema.

Wengine watatuambia: "Pasta, sisi tunauawa kwa kalashnikov na panga, bomu la atomiki linatuhusu nini?" Ni swali la haki. Tunajibu kwamba ugonjwa ni mmoja: mali inatoka ardhini kwetu, faida na maamuzi yako mbali, na kifo kinamwangukia asiyeulizwa. Hata bunduki ndogo zina mkataba wake, ule wa Kinshasa wa mwaka 2010 kwa nchi za Afrika ya Kati. Anayejifunza kuuliza juu ya mkataba mmoja ataweza kuuliza juu ya mwingine.

Neno kwa makanisa

Mwaka 1983 huko Vancouver, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilitamka kwamba kutengeneza, kuweka tayari na kutumia silaha za nyuklia ni kosa dhidi ya ubinadamu. Na Kumbukumbu la Torati sura ya 21 inaeleza juu ya maiti iliyokutwa shambani, muuaji asijulikane. Wazee walipima umbali, na wazee wa mji ulio karibu zaidi wakasimama mbele za Mungu kwa ajili ya damu hiyo. Hawakuwa wameua. Lakini hawakuruhusiwa kupita kimya.

Kutoka Shinkolobwe hadi Hiroshima umbali umekwisha kupimwa. Basi tunaomba kila parokia iitaje miji ile miwili katika maombi ya Agosti, na iwataje pamoja nayo wachimbaji wa Katanga. Tena, wenye wazee waliofanya kazi Likasi wawaulize na kuandika wanayosimulia, wangali hai.

Amani ya Bwana iwe nanyi.