Safari ya Hadubini Kutoka Delft Hadi Entebbe

Huenda walimu wenzetu wakastaajabu kuiona hadubini katika kurasa hizi zilizozoea tenzi na ngano. Lakini sisi wa Kiswahili ndio tunaoendewa na walimu wa sayansi kuulizwa sehemu hii iitweje na ile iitweje, nasi aghalabu hujibu upesi kuliko tunavyojua. Tuliwahi kumpa mwenzetu mmoja orodha nzima ya majina. Wanafunzi wake waliikariri barabara, wakafaulu mtihani, na hadubini yenyewe ikabaki kabatini. Tangu hapo tumeona kwamba jina la sehemu halina uhai mpaka ijulikane haja iliyoizaa.

Darubini twaijua: ni neno la Kiajemi, lenye maana ya kuona mbali. Hadubini ina mkia uleule wa kuona, ila kazi yake ni kutazama vilivyo vidogo. Umbo lake la kawaida ni mwanzi wenye lenzi juu na chini. Lenzi ya chini, iliyo karibu na kitu kinachotazamwa, huchora ndani ya mwanzi taswira kubwa iliyopinduka. Lenzi ya jicho huikuza taswira hiyo mara ya pili. Kama ya chini hukuza mara 40 na ya juu mara 10, kitu huonekana kimekuzwa mara 400. Hesabu hiyo ni nyepesi, na ndiyo iliyowapotosha wengi.

Mwaka 1665, huko London, Robert Hooke alitoa kitabu chake Micrographia. Alitumia hadubini ya mwanzi, na kwa kuwa nuru haikumtosha aliweka taa ya mafuta nyuma ya tufe la kioo lililojaa maji, ili miali ikusanyike juu ya kitu. Ndivyo alivyoviona vijumba vya gamba la mti wa koki, akaviita seli. Hata hivyo Hooke mwenyewe alikiri kwamba lenzi moja peke yake huonyesha kitu kwa uwazi zaidi kuliko mwanzi wenye lenzi kadhaa, ila udogo wake humsumbua mtumiaji.

Aliyekubali usumbufu huo alikuwa mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Antoni van Leeuwenhoek. Chombo chake hakikuwa na mwanzi wala meza: lenzi moja ndogo mno iliyobanwa kati ya bamba mbili za madini, ncha ya kushikilia kitu, na skrubu za kukisogeza. Alikileta jichoni hasa, akaelekea kwenye nuru. Lenzi yake iliyo bora miongoni mwa zilizosalia hukuza karibu mara 270. Kwa chombo hicho, katika barua yake ya mwaka 1676, aliwaeleza wataalamu wa London juu ya vijidudu vilivyokuwa vikiogelea ndani ya maji, na mwaka 1683 akawaeleza vile vilivyomo katika utando wa meno.

Kwa nini kioo kimoja kiliwashinda wenye viwili na vitatu? Kwa sababu kioo huivunja nuru nyeupe kuwa rangi, kama mvua inavyofanya upinde, na kingo za lenzi hupeleka miali mahali pasipo sawa na kati yake. Lenzi ya pili hukikuza kitu, na hizo kasoro pia huzikuza. Kwa zaidi ya miaka 150 hadubini ya mwanzi ilikuwa kama mtu anenaye kwa sauti kubwa maneno yasiyosikika vema. Mwaka 1830 Joseph Jackson Lister, mwuza mvinyo wa London, alionyesha jinsi ya kuzipanga jozi za lenzi za vioo vya aina mbili kwa umbali unaofaa, kasoro za jozi moja zifutwe na za jozi nyingine. (Mwanawe, Joseph Lister, ndiye yule tabibu aliyeleta dawa za kuua vijidudu katika upasuaji.)

Kisha, mwaka 1873, Ernst Abbe wa Jena, aliyeshirikiana na fundi Carl Zeiss, akaonyesha jambo ambalo twalihesabu kuwa kiini cha habari yote: kukuza si kupambanua. Nukta mbili zilizokaribiana kuliko nusu ya urefu wa wimbi la nuru, yaani yapata sehemu moja ya 5,000 ya milimita, zitaonekana nukta moja hata zikuzwe namna gani. Na ili kuufikia mpaka huo, lenzi ya chini yapasa kupokea nuru itokayo pembe pana. Hapo ndipo ilipo haja ya lenzi ya kukusanya mwanga chini ya meza, na kiwambo cha kupanua au kupunguza tundu lake. Tena tone la mafuta kati ya kitu na lenzi, lililoanza kutumika mwaka 1878, lisiloipinda nuru kama ifanyavyo hewa. Mwanafunzi anayerukia lenzi kubwa na kukisahau kioo cha chini ameanzia mwisho.

Chombo hiki kilichotengenea kikafika pwani ya Nyanza wakati wa msiba. Malale yalikuwa yakiwateketeza watu wa Busoga na Buganda. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 walikufa zaidi ya 200,000. Mwaka 1902 Aldo Castellani, tabibu kijana kutoka Italia, alikuwa Entebbe akitafuta chanzo. Kwanza aliwashuku bakteria aliowapata kwa wagonjwa. Walionekana vizuri kabisa, ila hawakuwa wao. Alipoyazungusha kwa kasi maji yaliyotolewa katika uti wa mgongo na kutazama machicha yaliyotuama, akaona kijidudu chembamba kikijinyonganyonga: tripanosoma. Urefu wake ni kama mara tatu ya upana wa chembe nyekundu ya damu, na kikiwa hai huonekana bila lenzi iliyo kubwa kuliko zote. Mwaka 1903 David Bruce akaja, akaelezwa, akathibitisha, na mbung'o akajulikana kuwa ndiye mchukuzi. Miaka michache baadaye watu wa mwambao na wa visiwa vya Ssese wakahamishwa.