Namna ya kukusanya jumla za wiki katika lahajedwali

Wengi wanaotunza hesabu za biashara katika programu ya Excel hutatizika wanapotaka kuchukua takwimu zilizopishana kwa nafasi sawa na kuzipeleka kwenye laha nyingine.

Chukua mfano wa duka lenye laha iitwayo Mauzo. Mstari wa kwanza ni wa vichwa. Chini yake kuna mistari sita ya Jumatatu hadi Jumamosi, na wa saba ni wa jumla ya wiki, ulioandikwa "Jumla" katika safu A. Jumla hizo basi huangukia seli B8, B15, B22, hadi B365 kwa wiki 52.

Mhasibu akiandika =Mauzo!B8 katika laha nyingine na kuiburuta fomula hiyo chini, seli inayofuata husoma B9, yaani mauzo ya Jumatatu, wala si B15. Kompyuta haitoi onyo lolote.

Fomula ifaayo ni hii:

=INDEX(Mauzo!B:B,ROWS(A$1:A1)*7+1)

ROWS huhesabu 1, 2, 3 kadiri fomula inavyoburutwa. Namba 7 ni umbali baina ya jumla moja na nyingine, na 1 ni mstari wa vichwa.

OFFSET pia huweza kutumika, ila hukokotolewa upya kila badiliko lifanywapo, jambo linaloweza kuzoroteshea faili kubwa kasi.

Hata hivyo, mstari mmoja ukiongezwa katikati ya laha ya Mauzo, jumla zinazofuata husomwa kombo. Kwa hivyo, ni busara kulinganisha matokeo na =SUMIF(Mauzo!A:A,"Jumla",Mauzo!B:B) kabla ya kuwasilisha hesabu.