Mlima Uliokuja Baada ya Rangi

Historia ya uchoraji dhahania huwa inasimuliwa kwa njia moja. Mchoraji anaanza na kitu kinachoonekana, mti au mlima, kisha mwaka baada ya mwaka anakipunguza: majani yanaondoka, matawi yanabaki, mwishowe hata matawi yanageuka mistari mitupu. Piet Mondrian, Mholanzi aliyeanza na miti akaishia na miraba ya rangi, ndiye anayetolewa mfano kila mara. Etel Adnan naye huingizwa katika simulizi hiyohiyo, kwa kuwa alichora Mlima Tamalpais wa California kwa miongo mingi, na milima yake haina zaidi ya vipande vichache vya rangi. Lakini ukifuata mpangilio wa maisha na kazi zake, utaona kwamba safari yake ilikwenda kinyume. Kwake rangi tupu ndiyo iliyotangulia. Mlima ulikuja kutawala baadaye, ukaikuta rangi imekwisha kujifunza kusimama peke yake, ukaipa wajibu.

Adnan alizaliwa Beirut mwaka 1925. Mama yake alikuwa Mgiriki wa Smyrna, baba yake ofisa wa jeshi la Dola ya Uthmaniya, mzaliwa wa Damascus. Nyumbani vilisemwa Kituruki na Kigiriki. Shuleni, mikononi mwa masista, Kifaransa ndicho kilichotawala na Kiarabu kilikatazwa. Baba alipotaka bintiye asikose kabisa Kiarabu, alimpa kitabu cha sarufi anakili, na mtoto akanakili kurasa nyingi bila kuelewa sehemu kubwa ya alichokiandika. Wanaojua jinsi watoto wa madrasa za pwani yetu wanavyofuatisha umbo la alifu na be kabla ya kufika kwenye maana wataelewa kilichokuwa kikitendeka. Mkono ulikuwa unajifunza kuliheshimu umbo kabla akili haijaambiwa umbo hilo linasema nini. Hakuna aliyeliita zoezi hilo somo la uchoraji, lakini sioni somo jingine katika utoto wake lililomwandaa vizuri zaidi.

Alisoma falsafa Sorbonne, kisha Berkeley na Harvard, na mwaka 1958 akaanza kuifundisha katika chuo cha Dominican mjini San Rafael, kaskazini mwa San Francisco. Wakati huo vita vya ukombozi wa Algeria vilikuwa vikipamba moto, naye, aliyekuwa akitunga mashairi kwa Kifaransa, akaona hawezi tena kuitumia kwa moyo mweupe lugha ya wanaoitawala Algeria. Kiarabu hakukijua kiasi cha kukitungia. Akabaki mtunzi asiye na lugha. Ann O'Hanlon, aliyeongoza idara ya sanaa chuoni hapo, alimuuliza anawezaje kufundisha falsafa ya sanaa ilhali yeye mwenyewe hachori. Akamkaribisha, na kazi ikaanza. Adnan alilieleza jambo hilo kwa namna iliyokuja kujulikana sana: kwamba angechora kwa Kiarabu. Turubai aliilaza mezani kama karatasi ya kuandikia, akaminya rangi ya mafuta moja kwa moja kutoka kwenye tyubu, akaitandaza kwa kisu badala ya brashi, na mara nyingi akaimaliza kwa mkao mmoja. Michoro ya miaka hiyo ya mwanzo ni miraba na mabamba ya rangi, mara nyingi mraba mwekundu ukiwa ndio kitovu ambacho rangi nyingine zinajipanga kukizunguka.

Msomaji makini atapinga hapa: mlima ulikuwepo tangu siku ya kwanza. San Rafael iko karibu na Tamalpais, na mwanga wa pwani ile ulimwingia mchoraji machoni kila alipotoka nje. Sikatai. Rangi zile zisingepatikana Paris, na huenda hata miraba ya mwanzo ina asubuhi za California ndani yake. Lakini kuona si sawa na kuwajibika. Michoro ya mwanzo haimdai mtazamaji aujue mlima wowote. Ingeweza kuzaliwa na dirisha, zulia au kumbukumbu ya bahari ya Beirut. Ile ya baadaye inadai. Mteremko mmoja unapanda, kilele kinakaa mahali pake, duara la jua linasimama juu au pembeni, na mtu aliyewahi kuuona Tamalpais anautambua papo hapo.

Kwa urefu, mlima wenyewe si wa kutisha. Una mita 784 hivi, na ukiusogeza kando ya Kilimanjaro wenye mita 5,895 utauita kilima. Wenyeji wa asili wa eneo hilo, Wamiwok wa pwani, waliishi miguuni pake kwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuleta turubai. Ukuu wake uko katika kubadilika. Ukungu wa Bahari ya Pasifiki unaumeza na kuutema, na jua likizama sura yake inageuka. Adnan alihamia Sausalito, katika nyumba ambayo mlima ulionekana dirishani, akauchora kwa wino, kwa rangi za maji, kwa mafuta, na katika vitabu virefu vya kukunjwa kama akodiani, ambavyo pia alinakilia mashairi ya Kiarabu kwa mkono uleule uliofunzwa na baba. Mwaka 1986 alitoa kitabu kizima kuhusu safari yake kuelekea mlima huo. Kitu kinachobadilika hivyo hakichoreki kwa kuhesabu miti yake, maana miti ndiyo inayopotea kwanza ukungu ukishuka. Kinachobaki ni uwiano: hiki kiko juu ya kile, rangi hii inaisukuma ile. Ndiyo maana nasema mlima haukumpeleka kwenye udhahania. Ulimkuta ameshafika, ukamwonyesha udhahania huo unafaa kwa kazi gani.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili. Adnan alirudi Beirut mwaka 1972 akafanya kazi ya uandishi wa magazeti, akaviona kwa macho vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka 1975. Riwaya yake *Sitt Marie Rose* inahusu mwanamke aliyetekwa na kuuawa katika vita hivyo. Je, haki iko wapi mtu huyohuyo kuchora milima ya waridi na jua la manjano? Yeye hakuficha kwamba michoro yake ina furaha ambayo maandishi yake hayana. Wapo wanaoliona hilo kama kujificha. Mimi naona lawama hiyo inamtaka msanii atumie kila chombo kwa kazi moja. Maombolezo aliyaandika, tena kwa ukali ambao wengi hawakuuvumilia. Mlima aliuachia kazi ya kushuhudia kwamba dunia inayoharibiwa ni dunia inayopendwa. Bila ushahidi huo hata maombolezo yangekosa cha kulilia.

Sifa kubwa ilichelewa. Michoro yake ilipoonyeshwa Kassel mwaka 2012, katika maonyesho ya Documenta, alikuwa na miaka 87. Baadhi wamelihusisha hilo na soko linalopenda kugundua wazee, na soko lina tabia hiyo kweli. Lakini soko halikuichora michoro hiyo. Ilikuwa imekwisha kusimama miaka mingi, midogo kiasi cha kubebwa kwapani.

Uzeeni aliishi Paris, na afya haikumruhusu tena kusafiri kwenda California. Aliendelea kuuchora Tamalpais akiwa mezani pake, takriban kilomita 9,000 kutoka ulipo, bila kuuona. Mteremko ulikuwa palepale. Aliaga dunia tarehe 14 Novemba 2021, akiwa na miaka 96. Siku hiyo, katika jumba la Guggenheim mjini New York, michoro yake ilikuwa bado imetundikwa, katika maonyesho yaliyofunguliwa mwezi mmoja tu kabla.