Fidla Iliyopitia Cairo

Kaskazini mwa Msumbiji, ukishika barabara ya Mocímboa da Praia kwenda Mueda unapita Diaca, na hapo fidla haina kwao. Ngoma ya Wamakonde ni mapiko, na aliyevaa kinyago hatajwi jina. Lakini watu wa upande huu walivuka mto Ruvuma miaka mingi kutafuta kazi, wengine kwenye mkonge wa Tanganyika, wengine kwenye karafuu za Unguja. Na Unguja fidla ilikuwa na wenyewe.

Wazanzibari husimulia kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza ganuni, ala ya nyuzi, naye aliporudi akafundisha wengine. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, chama cha taarabu, na muziki huo ukaendelea kuitazama Cairo. Huko fidla ya Kizungu ilikuwa imekwisha kupokewa, na sababu si ngumu: kidole huteleza juu ya uzi hadi kwenye sauti iliyo katikati ya sauti mbili. Kinanda hakiwezi hilo. Basi mpigaji wa Unguja hakulelewa na Bach. Alilelewa na santuri, kisha filamu za Misri na Umm Kulthum redioni.

Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, kikundi chake kilikuwa kidogo. Kufika miaka ya 1950, vyama vya Unguja vilikwisha kuiga okestra za Cairo: safu ya fidla, cello, besi, kodiani. Culture Musical Club ilianza 1958 kwa mtindo huo huo.

Aliyezoea okestra za Ulaya hutafuta kondakta asimwone. Kiongozi amekaa humo humo kati ya wapigaji. Bashraf, muziki wa ufunguzi usioimbwa, ikianza, fidla zote hushika muziki mmoja, ila kila mkono huupamba kivyake. Mwimbaji akimaliza ubeti, fidla humjibu. Kwangu mimi hiyo ni kazi nzito kuliko kufuata kijiti, maana kosa la mmoja halina pa kujificha.

Mwaka 2002 chuo cha muziki cha DCMA kilifungua milango Forodhani, Mji Mkongwe, fidla ikafundishwa kwa noti pamoja na sikio. Mohamed Issa Matona, mmoja wa waliowahi kufundisha hapo, hakuishia kwenye fidla. Hupiga udi na ganuni pia.